Msimu wa Sketi ya Kubonyeza

Tangu niache kazi, bado siwezi kumtazama mtu usoni kabla sijamtazama mabegani. Jirani akija kunijulia hali, yeye anaanza na habari za wagonjwa, mimi nimeshaona kwamba bega lake la kushoto limeshuka na fundi wake hakulishughulikia. Kanisani ndiyo usiseme. Padre akihubiri, mimi napunguza viuno vya watu walioketi mbele yangu. Mikono imepumzika, lakini macho yamekataa kustaafu.

Ninyi mliobaki pale dukani mmeniuliza mara nyingi: zamani mitindo ilikuwa inatoka wapi, kabla ya simu? Nilikuwa nawajibu juu juu kwa sababu nilikuwa na sindano mdomoni. Sasa mdomo uko wazi. Sitawaeleza nilianza na nini wala nimeishia na cherehani ngapi, maana habari hizo zinamchosha hata mwenyewe. Nitawaeleza habari za Fundi Shomari, na za harusi moja ya milimani iliyotuachia mshono ambao mpaka leo mnaushona mkidhani mmeuona kwenye simu.

Mimi ni mtoto wa milimani, kwetu ni upande wa Matombo. Kudarizi nilifundishwa na masista wa misheni, na nilipoteremka Morogoro mjini nilijiona fundi kamili. Fundi Shomari alikuwa na chumba kimoja karibu na soko, chenye cherehani mbili za mguu, meza ya kukatia na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Alikuwa mtu mfupi, mtanashati kupita kiasi. Ijumaa alivaa suti nyeupe, na kila siku alivaa viatu vya soli nene vilivyomfikisha mahali ambapo Mungu hakumfikisha. Ungeweza kujua yuko dukani kabla hujalifikia, kwa harufu ya udi.

"Shikamoo, Fundi," nilimwambia siku ile ya kwanza.

"Marahaba. Unajua kushona?"

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Masista."

"Masista wanavaa nguo moja maisha yao yote," akasema. "Kaa pale dirishani."

Nikakaa dirishani wiki nzima nisiguse uzi. Kazi yangu ilikuwa kuwatazama wapita njia, yeye akiuliza bila kuinua kichwa: "Huyo anakwenda wapi?" Nikisema sokoni, anauliza nimejuaje. Nikisema kwa sababu ana kikapu, anaguna. Alitaka niseme kwa sababu amefunga khanga ya pili juu ya gauni, na ile ya kwanza ameiacha ionekane kidogo, kwa hiyo anakwenda sokoni lakini atapitia kwa shoga yake. "Usimpime mtu peke yake," alikuwa akiniambia. "Pima na anakokwenda."

Kingine alichonifundisha ni chetezo. Nguo ikiisha kupigwa pasi ya mkaa ilitundikwa juu ya tenga la kufukizia, chini yake kaa moja na kipande cha udi, mpaka moshi uingie kwenye mshono. Alisema mteja akiisahau nguo kwa macho ataikumbuka kwa pua. Mimi nilidhani ni mbwembwe. Baadaye niliona wanawake wakipokea nguo zao, kabla hawajatazama kola wala pindo, wananusa.

Kazi yenyewe wakati huo ilikuwa ya kubahatisha. Vitambaa vilikuja kwa foleni, na vikija vilikuja vya aina moja. Ulikuwako msimu mmoja mji mzima ulivaa kijani cha majani ya mgomba, wanaume kwa wanawake, na kilichobaki kikawa mapazia. Sikukuu ya Idi ile ungeingia nyumba ya watu usijue mwenye nyumba ni yupi na dirisha ni lipi. Mtindo kwetu ulikuwa kola tu. Kitambaa mlipewa wote sawa, basi mtu alijitofautisha shingoni.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Wenye mtaji wa kusafiri wakasafiri, wakarudi na mabegi yaliyofungwa kwa kamba. Satini, krepu, lesi, vifungo vya dhahabu isiyo dhahabu, marashi ya chupa. Mitumba nayo ikaanza kumwagwa sokoni kwa marobota. Fundi Shomari, aliyezoea kukata kijani, alisimama mbele ya satini ya kwanza ya rangi ya waridi akaigusa kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayempima mtoto homa. Na hapo ndipo misimu ya kweli ilipoanza. Idi ilikuwa na mtindo wake, Pasaka wake, Komunyo ya kwanza wake, na aliyekuja na mtindo wa Pasaka siku ya Krismasi alichekwa mpaka msimu ukaisha.

Mtu aliyetuletea misimu hiyo alikuwa Mama Godi. Alikuwa mfanyabiashara, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuagiza, wa kwanza katika mtaa wetu kufika Dubai. Alirudi na jarida la picha za mitindo. Jarida lile halikuazimwa. Ulikwenda kwake, ukanawa mikono, ukafunuliwa. Mabega yalikuwa mapana kwa sponji kama ya askari, na sketi zilibana kutoka kiunoni hadi chini ya goti, pindo jembamba kabisa. Waliziita penseli. Aliyevaa penseli alitembea kwa hatua za kifaranga, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake, maana ilionyesha kwamba hana haraka na hana mahali pa matope pa kwenda.

Basi mwanawe, Godi, akachumbia milimani. Msichana aliitwa Felista, wa kijiji cha misheni juu ya Mkuyuni, si mbali na kwetu. Siku ya kupeleka mahari msafara wa Mama Godi ulichelewa vibaya, kwa sababu walikuwa wanasubiri nywele zikauke. Wenyeji walikaa na chakula kikapoa. Mjomba wake Felista, Mzee Mloka, hakusahau. Na kwetu Waluguru, mjomba ndiye mwenye mtoto. Alipokea mahari, akasema kwa utulivu: "Siku ya ndoa Padre ana kigango kingine cha kwenda adhuhuri. Mkimkuta, mmekuta. Akishawasha pikipiki yake, mtoto wangu anarudi nyumbani, na msije tena." Watu waliomjua walisema hajawahi kurudia neno.

Harusi ilipangwa baada ya Pasaka. Mnajua wenyewe: Kwaresima hakuna ndoa, kwa hiyo Pasaka ikipita harusi zinamwagika, na hapo ndipo masika imeshika. Na upande ule wa mashariki wa Uluguru mvua haijui kalenda hata mwezi wa kiangazi.

Mama Godi akaja dukani na jarida limefungwa kwenye khanga. Akalifunua mezani.

"Fundi, nataka hii. Mimi na mashoga zangu wote wa msafara. Waridi, rangi moja."

Fundi akaisogeza picha kwenye mwanga. "Pindo lake?"

"Kama pichani."

Nilikuwa nimekaa nyuma ya cherehani. Nikasema, "Samahani, mama. Njia ya kule naijua. Masika gari linaishia Mkuyuni. Kutoka pale mnapanda kwa miguu."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "mimi nimepanda ndege."

Alipoondoka nilimwambia Fundi tuweke mpasuo nyuma. Akaniambia mpasuo unavunja mstari. Nikamkumbusha kwamba kuna mto wa kuvuka na mlima wa kupanda. Akanionyesha picha.

"Unaona mpasuo hapa?"

"Hapo pichani hakuna mlima, Fundi."

"Basi nasi tunashona kilichopo pichani." Akachukua chaki. Alikuwa ameipenda ile sketi. Miaka yote ya kukata kijani alikuwa akiusubiri mstari kama ule, usiokatika kutoka kiunoni hadi chini, na sasa ameletewa satini ya kuuchora. Mlima haukuwa na nafasi.

Sikubishana. Nilisubiri Ijumaa. Fundi akienda msikitini Ijumaa, swala ilimalizika mapema lakini suti nyeupe ilihitaji kuonekana, kwa hiyo hakurudi mpaka alasiri. Ijumaa hiyo na iliyofuata nilifumua mishono ya nyuma ya zile sketi, nikaingiza ndani kipande cha satini kilichokunjwa mara mbili kama rinda lililolala, nikaufunga mkunjo kwa vifungo vya kubonyeza, vile vya chuma vya pande mbili vinavyolia *ta* vikishikana. Juu yake nikalaza ukingo wa mshono. Ukiitazama kwa nyuma unaona mshono wa kawaida. Ukiingiza vidole viwili na kuvuta, sketi inafunguka hadi juu ya goti na rinda linaachia.

Vifungo hivyo nilivitoa kwenye mitumba, kwenye zile nguo za watoto wachanga za mwili mzima, zinazofunguliwa miguuni ili mtoto abadilishwe nepi. Wenye sketi sikuwaambia vilikotoka. Wengi wao sasa ni mabibi na hawataniadhibu.

Siku ya harusi tulipanda lori lililopambwa kwa maua ya karatasi. Godi na msimamizi wake walikuwa wametangulia jana yake. Fundi Shomari hakukosa harusi yoyote iliyovaa kazi yake, kwa hiyo alikuja na suti nyeupe na viatu vyake. Mimi nilikwenda na sindano, uzi na zipu za akiba. Wanawake walikaa kwenye mabenchi wamebana magoti, wekundu wa waridi tupu, mabega yakigongana kila kona. Kabla hatujatoka mjini Mama Godi alitoa chupa yake ya marashi ya Dubai, akapulizia msafara mzima, kila shingo na kila kwapa, na alipoona yamebaki akampulizia na dereva. Yalikuwa matamu kama sharubati iliyozidi sukari. Moshi wa udi aliokuwa ameutia Fundi kwenye satini ukazimwa palepale. Nilimwona akigeuzia pua upande wa njia.

Mkuyuni gari likaishia. Mvua ya usiku ilikuwa imekata barabara. Pale tulimkuta mama mkubwa wa Felista, jina lake Kasilda, mkulima wa kabichi, mwenye mgongo kama mlango wa ghala, ameteremka na wanawake wenzake kutupokea na kubeba zawadi. Miguu yao ilikuwa peku na khanga zimepandishwa.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu." Akawatazama wageni kuanzia mabegani mpaka chini. Alipofika magotini akatulia. "Hawa wanatembea?"

"Wanatembea, mama."

"Haya. Padre keshaanza kuulizia maji ya kuoga, aondoke."

Mwanzo wa njia haukuwa mbaya. Halafu tukafika mtoni. Ni kijito tu, mtoto anakiruka, lakini maji yalikuwa yamejaa na mawe ya kukanyagia yalikuwa mbalimbali. Msafara wa Mama Godi ukasimama ukingoni, wamenyooka, wamebana, kama chupa za soda kwenye kreti. Mmoja alijaribu kunyoosha mguu. Sketi ikakataa. Akaurudisha mguu mahali pake kama vile hakuwa na nia.

Fundi Shomari naye akasimama. Angeweza kuvua viatu, lakini suruali yake ilikuwa imekatwa kwa urefu wa soli. Akivua, nusu yake inabaki chini. Mama Kasilda alielewa kabla hajaambiwa. Akatua tenga, akageuka, akainama.

"Fundi, panda mgongoni."

"Mimi?"

"Au unataka nikukunje kama kitenge nikuweke kichwani?"

Akapanda. Nawaambieni, nimeona mambo mengi katika kazi hii, lakini sijaona tena kitu kama mwalimu wangu kwenye mgongo wa Mama Kasilda katikati ya maji, suti nyeupe imetulia, tai imenyooka, viatu vikining'inia pande mbili, anatazama mbele kama anapigwa picha.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa akifikiria zamu yake. Mama Kasilda hangeweza kuwabeba wote, na jua lilikuwa linapanda. Mama Godi aliutazama mto, akautazama mlima, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti ya kuagiza ikampotea. Mwanawe alikuwa kule juu amesimama mbele ya altare. "Skola," akaniambia polepole, "tutafika?"

Nikamsogelea. "Mama, ingiza vidole nyuma, kwenye mshono, chini ya kalio kidogo. Vuta."

"Nivute nini? Umeweka nini kwenye sketi yangu?"

"Mlango, mama."

Alinitazama kama atanipiga kofi. Kisha akaingiza vidole akavuta. *Ta, ta, ta, ta.* Rinda likaachia. Akatazama chini, akanyoosha mguu, ukafika jiwe la kwanza. Akanyoosha wa pili. Alipofika ng'ambo akageuka akawaambia wenzake, "Vuteni nyuma," na ukingo mzima wa mto ukalia kama watu wanaokaanga bisi.

Fundi alikuwa ameshatuliwa ng'ambo. Aliona mistari yake yote ikipasuka mbele ya macho yake, mmoja baada ya mwingine. Nilipovuka alisema tu, "Skola," na jinsi alivyolisema jina langu nilitamani nirudi mtoni.

Hatukuwa na nafasi ya kuzungumza. Tulianza kupanda, na tulikuwa tumefika kwenye mashamba ya juu, penye mizinga iliyotundikwa mitini, pale Mama Kasilda aliponusa hewa.

"Nani kamwaga asali?"

Hakuna aliyemwaga asali. Yalikuwa yale marashi, yamepata joto la mlima na jasho, yanachanua. Nyuki wa kwanza alikuja kuuliza tu. Akamzunguka Mama Godi, akarudi kuwaambia wenzake.

"Msipunge mikono," Mama Kasilda akasema bila kupandisha sauti. "Tembeeni haraka. Haraka zaidi."

Walikimbia. Wanawake wale wa hatua za kifaranga walipandisha mlima viatu mkononi, marinda yakipepea, waridi tupu kwenye kijani cha mgomba. Fundi Shomari alivua viatu hatimaye, akakimbia akikanyaga suruali yake mwenyewe. Nyuki mmoja alimchoma Mama Godi begani, akaishia kwenye sponji. Mwingine alimpata shoga yake sikioni, huyo hakuwa na sponji huko. Nyuki hawakumgusa Fundi. Labda moshi wa udi ulikuwa bado umemkaa mwilini chini ya yale marashi, nao hawapendi moshi. Yeye baadaye alidai ni heshima.

Tulipotokea kwenye uwanja wa kanisa, Padre alikuwa amemaliza kufunga begi lake nyuma ya pikipiki. Godi alikuwa mlangoni, uso umempauka. Felista amekaa ndani na shela lake, ndugu zake wakimziba asionekane analia. Na Mzee Mloka alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono nyuma, anatazama njia.

Alichokiona ni hiki: watu wa mjini, wale waliomweka siku ya mahari mpaka chakula kikapoa, wanakuja mlimani mbio, peku, wametapakaa matope, wanahema, bila hata mmoja kusimama kupumzika. Nyuki walikuwa wameshageuka nyuma kwenye migomba. Yeye hakuwaona.

Mama Godi akafika mbele yake.

"Mmekimbia," Mzee Mloka akasema.

"Tumekimbia, Mzee."

"Kwa ajili ya Felista?"

Mama Godi akageuka akaitazama njia tuliyopanda, taratibu, mpaka alipohakikisha. "Kwa ajili ya Felista," akasema.

Yule mzee akashuka ngazi zile, akamshika mkono, akamwambia Padre, "Baba, fungua begi."

Kabla ya kuingia kanisani, Mama Kasilda alinong'ona kwamba magoti yapo nje na humo ndani mna Bikira Maria. Wakageuka wote ukutani, *ta, ta, ta*, wakafunga milango yao, wakaingia kwa hatua za kifaranga kama walivyotoka nyumbani. Mtoto wa kwaya alisahau kuimba.

Ndoa ikafungwa. Kwenye karamu, wali na kuku mezani, Mama Godi alimwita Fundi mbele ya watu. "Fundi, hii ya nyuma ni kazi yako?"

Nilikuwa nimekaa karibu. Fundi alinyoosha tai. Suruali yake ilikuwa kahawia mpaka magotini. "Mama," akasema, "mtindo wa msimu hauelezwi kabla ya wakati wake."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga.

Tukiwa njiani kurudi, kwenye lori, alikaa kando yangu. Wengine walikuwa wamesinzia wakilaliana mabegani, na hapo ndipo niliona faida ya sponji.

"Ulinidharau," akasema.

"Sikukudharau, Fundi. Wewe ndiye uliyenifundisha tumpime mtu na anakokwenda."

Fundi alipangusa tope kwenye kiatu kwa kidole, tope likahamia kwenye kidole, akalitazama. Tulipoanza kuona taa za mjini akasema, "Na ukifanya tena bila kuniambia?"

"Utanifukuza?"

"Nitakuuliza ule mkunjo umeulazaje usivimbe."

Jumatatu nilimkuta ameshafika. Sketi moja ilikuwa mezani, imegeuzwa ndani nje. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mwanafunzi, kile cha dirishani, miwani puani. "Nionyeshe," akasema. Nikamwonyesha. Aliuliza maswali kama mtoto wa shule, na pale nilipokosea alikosoa, na tulipomaliza mkunjo ulikuwa umelala vizuri kuliko nilivyoulaza mimi. Ndipo nilipojua kwamba nimekuwa fundi.

Msimu ule hatukulala. Mji mzima ulitaka sketi ya kubonyeza. Wengine waliiita Mkuyuni, wengine waliiita sketi ya nyuki. Walioitaka zaidi ni wale wasio na mlima wowote wa kupanda. Walitaka tu ule mlio, wakikaa kwenye kiti mbele ya mashemeji. Mafundi wengine wakaiga kwa vifungo vibovu, na dada mmoja ikamfunguka yote akiwa kwenye foleni ya benki, sitamtaja. Hata marashi yalibadilika: wateja walianza kuuliza kama satini inaweza kufukizwa udi wa kutosha kwa safari ya shamba.

Na siku moja ya soko akaingia Mzee Mloka. Nilidhani kumeharibika jambo kwa Felista. Akavua kofia, akasalimia, akasubiri wateja watoke. Kisha akamsogelea Fundi akasema kwa sauti ya chini, "Ile inayopasuka. Ya mke wangu."

"Vipimo?" Fundi akauliza.

Mzee akatazama mlango, akainua mikono miwili hewani akachora umbo, kwanza mabega, halafu kiuno, halafu akasita, akapanua. Nilimwona Fundi akiyafuata mapana yale kwa macho kwa heshima zote, akiandika. Sketi ile haikurudishwa kurekebishwa hata sentimita.

Baadaye mitumba ilizidi, na watu wakatuambia mafundi tumekwisha. Hatukuisha. Robota la mitumba halina mtu ndani yake. Mtu yuko nje, ana nyonga za Kiluguru, na koti limekatwa kwa mzungu aliyenyooka kama mbao. Tulipunguza huku, tukaongeza kule, na nusu ya fasheni ya mji huu ilipita chini ya sindano yangu ikiwa imeshavaliwa na mtu mwingine mahali pengine. Fundi Shomari alipochoka miguu alihamia Dakawa kwa mwanawe anayelima mpunga. Nilikuwa nikimtembelea. Nilimkuta kila mara pembezoni mwa mfereji, suti nyeupe, anawaambia vibarua jinsi mashati yao yanavyopaswa kukaa. Alizikwa huko huko. Siku ile niliporudi dukani sikuweza kukata kitambaa, nikakaa dirishani nikitazama watu.

Sasa nimeacha, na wiki iliyopita nilikuja pale dukani kama mteja. Kikundi chetu cha akina mama kinakwenda Zanzibar kutembea, kutalii kabisa, si biashara wala msiba, na nimetaka gauni la msimu huu, lenye mikono ya puto. Rehema, wewe ndiye uliyenipima. Uliniambia mikono ile itanipa joto. Nikakwambia shona. Ukanizungushia futi kiunoni, nami, mimi niliyewafundisha ninyi wote kwamba mteja akivuta tumbo ndani msimwambie kitu, mumwulize swali tu kwa sababu hakuna anayeweza kujibu bila kupumua, nikavuta tumbo ndani.

Ukasubiri. Uso wako ulikuwa mpole sana.

"Bibi," ukaniuliza, "na safari yenyewe ni lini?"

Nilijitahidi kunyamaza. Lakini safari ni safari, na nilikuwa na hamu ya kuisimulia. Nikafungua mdomo, na futi ikasoma inavyosoma.